Usiponena, Sheria Itakusemea

Kijana akiniletea flashi yenye kazi yake mpya, huwa naisikiliza yote bila kuisogeza mbele. Kisha namuuliza: ukiipandisha hii mtandaoni, mtu wa Arusha au wa Berlin akaipenda, ana ruhusa ya kufanya nini nayo? Wengi hunijibu kwamba wao hawana shida, mtu achukue tu, wanachotaka ni kusikika. "Umeandika wapi kwamba achukue?" Hapo ndipo tunapokwama.

Naandika haya kwa ajili ya watu wachache wa hapa Kigoma na kwingineko wanaofanya muziki ambao redio haijui iuweke saa ngapi. Injini za mitumbwi ya Kibirizi zilizovutwa taratibu mpaka kila mpigo ukasikika peke yake. Kelele za soko la Mwanga zilizokatwakatwa na kupangwa upya. Redio za Kongo na Burundi zikiingiliana usiku kwenye mita moja. Ngoma ya Kiha iliyopitishwa ndani ya Audacity, programu ya bure, kwenye kompyuta iliyochoka. Tunauita muziki wa majaribio. Hauna kiitikio na hauchezeki harusini. Na mkoa huu nchi nzima inaujua kwa nyimbo: Diamond Platnumz na Ali Kiba wote wana asili ya huku, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakaimba pamoja kwa jina la Kigoma All Stars. Kwa hiyo ukijitambulisha kuwa unafanya muziki Kigoma, mtu anasubiri umwimbie. Ukimwekea dakika kumi na mbili za karabai inayopampiwa, anakutazama usoni kuona kama uko salama.

Muziki wa namna hii hauna soko hapa nyumbani, angalau kwa sasa. Wasikilizaji wake wametawanyika: watatu Mwanza, mmoja Lubumbashi, kundi dogo Ujerumani, mwanafunzi mmoja Brazil. Njia pekee ya kuwafikia ni mtandao, na njia pekee ya kuufanya utembee ni kuruhusu watu waubebe. Ndiyo maana suala la leseni, yaani maandishi yanayosema mtu ana ruhusa ya kufanya nini na kazi yako, ambalo kwa msanii wa nyimbo za kawaida linaweza kuachiwa meneja, kwetu sisi ni sehemu ya kazi yenyewe, sawa na kuchagua maiki.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wanaielewa kinyume. Watu hudhani kazi isiyosajiliwa haina mwenyewe. Si hivyo. Kazi inalindwa tangu pale inapoundwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki (yaani haki za wapigaji, waimbaji na watayarishaji wa rekodi) ya mwaka 1999 inampa mtunzi ulinzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, ulinzi huo unatambuliwa hata nje ya mipaka yetu. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia siku ya ubishi, unapotakiwa kuthibitisha kwamba kitu ni chako na ulikifanya lini. Lakini usajili sio unaoizaa haki.

Sasa geuza jambo hilo ulitazame upande wa pili. Kama ulinzi unakuja wenyewe, basi sauti uliyoipandisha bila neno lolote ni sauti iliyofungwa kabisa. Hakuna mwenye ruhusa ya kuinakili, kuisambaza, kuikata wala kuiweka kwenye filamu yake. Moyoni mwako umeitoa. Mbele ya sheria umeinyima. Na anayeumia ni mtu mwaminifu. Mwizi haulizi, anachukua na kwenda zake. Aliyetaka kuitumia kwa heshima, akataje jina lako na kukutumia nakala, anatafuta ruhusa haioni, anaogopa, anaiacha, anakwenda kutumia sauti ya mtu mwingine aliyeandika masharti yake wazi. Kila ninaposikia mtu anasema "mimi nimeachia tu", najua kwamba amewaachia wezi peke yao.

Dawa ya hili ipo zaidi ya miaka ishirini sasa, na ni bure. Shirika la Creative Commons liliasisiwa Marekani mwaka 2001, mwanasheria Lawrence Lessig akiwa mmoja wa waasisi, na leseni zake za kwanza zikatoka Desemba 2002. Toleo linalotumika leo, la 4.0, ni la mwaka 2013 na limeandikwa kwa ajili ya nchi zote, halihitaji kushonewa upya kwa kila taifa. Huombi kwa mtu na hulipi chochote. Unaandika tu pembeni ya kazi yako ni leseni ipi umeichagua na kuweka kiungo cha maandishi yake.

Leseni hizo ziko sita, na zote zimejengwa kwa sharti moja la lazima na matatu ya hiari. La lazima ni kutaja jina la mwenye kazi. Ndilo lile BY. Halafu unaweza kuongeza kwamba kazi isitumiwe kibiashara (NC), au kwamba anayeibadilisha naye aitoe kwa leseni hiyohiyo (SA), au kwamba isibadilishwe kabisa (ND). SA na ND haziwezi kukaa pamoja, kwa sababu inayosimamia mabadiliko haiwezi kuishi nyumba moja na inayoyakataza. Pembeni kuna CC0, ambayo ni kuachia haki zako zote bila sharti, hata la kutajwa.

Ninayo maoni yangu juu ya hizi herufi na sitayaficha.

ND ndiyo inayochaguliwa na waoga, na kwa muziki wetu ni karibu kujifunga mwenyewe. Muziki wa majaribio unaishi kwa kukatwa. Sisi wenyewe tumeujenga kwa kukata sauti za dunia. Kumwambia mwingine asiguse ni kumnyima mlo tuliokwisha kula. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wachelewe: maandishi ya leseni yenyewe yanasema kwamba muziki ukioanishwa na picha zinazotembea, hayo tayari ni mabadiliko ya kazi. Maana yake, ukiweka ND, mwanafunzi wa filamu aliyetaka kuweka mlio wako chini ya picha zake za ziwa hawezi, hata kama hakugusa sekunde moja ya sauti. Hata SA ina athari hapo: filamu nzima itapaswa kutolewa kwa masharti yaleyale. Mtengeneza filamu aliyekwisha kusaini mkataba na kituo cha televisheni hawezi kukubali hilo, kwa hiyo atakuandikia kuomba ruhusa ya pembeni. Jambo hilo si baya. Unahitaji tu kulijua kabla.

NC ina mjadala mrefu, na naelewa kwa nini vijana wanaipenda. Inatuliza moyo: hakuna tajiri atakayetengeneza tangazo la bia kwa jasho langu. Lakini wengi hawajui kwamba NC haizuii wewe kulipwa. Inazuia matumizi ya kibiashara yasiyo na ruhusa yako, na ruhusa hiyo unaweza kuiuza. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nine Inch Nails, bendi ya Marekani ya Trent Reznor. Mwezi Machi 2008, Reznor na mwenzake Atticus Ross walitoa vipande 36 visivyo na maneno chini ya leseni ya BY-NC-SA. Sehemu ya kwanza ilikuwa bure, zote kwa pamoja dola 5, na kulikuwa na toleo la kifahari la dola 300, nakala 2,500 tu, ambalo lilikwisha haraka. Wiki ya kwanza waliingiza zaidi ya dola milioni 1.6. Miaka kumi baadaye prodyuza kijana akachukua kipande kimoja, akajenga biti juu yake, na biti hilo likawa Old Town Road ya Lil Nas X, wimbo uliokaa namba moja Marekani kwa wiki 19 mwaka 2019. Matumizi yale yalikuwa ya kibiashara, kwa hiyo ruhusa ikabidi itafutwe, na Reznor na Ross wakaandikwa miongoni mwa watunzi. Leseni huria haikuwanyima kitu. Iliacha sauti zizunguke mpaka zikakutana na mtu wao.

Najua kwamba Reznor alikuwa na jina tayari, na sisi hatuna. Sisemi kwamba ukiweka BY-NC-SA kesho utapata milioni. Nasema kwamba kutoa kwa masharti na kuuza havigombani.

Utaratibu wangu mwenyewe ni huu. Sauti ghafi, yaani mlio wa injini, mvua juu ya bati, honi ya meli, minada ya dagaa asubuhi pale mialoni, ninazitoa kwa BY, na wakati mwingine CC0. Mvua haina mtunzi. Ninachomiliki ni rekodi, ile hakishiriki ya mtayarishaji wa rekodi, na sioni sababu ya kuibana. Zaidi ya hapo kuna thamani ya kumbukumbu. Karabai za mafuta zinaondoka ziwani. Taa za sola na betri zimechukua nafasi yake kwa kasi. Zamani, usiku wa giza, ambao ndio usiku wa dagaa kwa sababu mwezi mkali huharibu uvuvi wa taa, ukikaa kwenye mtumbwi ulisikia karabai zikichemka kwa sauti moja nyembamba isiyokatika, na chini yake maji yakigonga ubao. Sauti ile ikifungiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja itakufa naye. Hiyo iende, ikae kwenye diski za watu wengi kadiri inavyowezekana.

Kazi niliyoitunga, ambayo nimekaa nayo na kuipanga, ninaitoa kwa BY-SA au BY-NC, kutegemea. Hapa sina kanuni ngumu.

Ila kuna aina ya tatu, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko mambo yote niliyoandika hapo juu: sauti ya mtu.

Nilikwenda kijiji kimoja cha Buhigwe kumrekodi mzee anayepiga inanga, ile iliyo ndugu wa inanga ya Burundi: ubao mrefu uliochongwa kina kifupi, na uzi mmoja uliozungushwa kutoka ncha hadi ncha mpaka ukafanya nyuzi kadhaa. Alipiga akiwa amekaa kwenye kigoda, inanga imeegemea paja, huku akiimba kwa sauti ya chini karibu na kunong'ona. Mtu anayepita njiani asingejua kwamba kuna wimbo. Nilikuwa nimeweka kinasa sauti juu ya gogo, karibu sana, kwa sababu sauti ile haitoki mbali. Kabla sijabonyeza, mzee akakinyooshea kidole.

"Mwanangu, hicho kikishasikia, kinasahau?"

"Hakisahau, mzee."

"Na huko unakotaka kukipeleka, siku nikisema kirudi, kitarudi?"

Nimesoma maandishi mengi ya kisheria juu ya leseni hizi, na sijawahi kukutana na swali lililokwenda moja kwa moja kwenye kiini kama lile. Jibu la kweli ni hapana. Leseni ya Creative Commons haiondolewi. Unaweza kuacha kuisambaza kazi, unaweza kuifuta pale ulipoiweka, lakini aliyekwisha kuipata kwa masharti yale anaendelea nayo kwa masharti yaleyale mpaka hakimiliki yenyewe iishe muda wake. Nikamweleza hivyo, kwa maneno mepesi: ukishampa mtu, hata mimi siwezi kumnyang'anya.

Akafikiri. Mjukuu wake akaongezea swali kuhusu pesa, na nalo nikalijibu. Mwishowe mzee akagawa nyimbo zake mwenyewe. Za jioni na za kusifia ng'ombe, ziende, zisikilizwe, jina lake liandikwe na la kijiji chake, zisiuzwe. Moja, ya msiba, akasema nisiipeleke popote. Nikairekodi kwa sababu alitaka wajukuu wawe nayo. Nakala ipo kwenye memori kadi ya mjukuu, nyingine kwangu, na haitapandishwa. Jina lake silitaji hapa kwa sababu hatukukubaliana juu ya makala haya.

Kwa nini nasimulia kirefu? Kwa sababu leseni ni ruhusa ya kutoa haki ulizo nazo, haiwezi kutoa usichokuwa nacho. Mzee yule ana haki zake kama mpigaji na mwimbaji. Neno hakishiriki kwenye jina la sheria yetu ni lake pia. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, ili zisichukuliwe kwa faida nje ya mila zake bila idhini. Na leseni za Creative Commons zenyewe zinasema wazi kwamba hazigusi haki ya faragha ya mtu aliyemo ndani ya rekodi. Kijana anayekwenda na simu mnadani Kibirizi, akanasa mama anavyonadi dagaa, akapandisha kwa CC0 "kwa sababu ni sauti tu", amegawa kitu kisicho chake. Mama yule akisikia sauti yake ikiuza kitu nchi ya mbali, atamuuliza nani?

Siku hizi ruhusa ninairekodi yenyewe. Kabla ya wimbo, mtu anasema jina lake, mahali, tarehe, na anachokubali, kwa lugha anayoitaka, Kiha au Kiswahili. Kipande hicho nakikata nakihifadhi kando na rekodi. Hakuna karatasi ya kumtisha mtu, wala sahihi ya mtu asiyesoma anachosaini, na siku ya ubishi sauti yake ndiyo inayoongea.

Historia ya fani yetu inatudai jambo hili. Vitabu vingi vinaanzia Paris, mwaka 1948, mhandisi wa redio Pierre Schaeffer aliporekodi treni kwenye stesheni ya Batignolles, akazikata na kuzipanga, zikarushwa redioni mwezi Oktoba. Sisi tunaoishi mwisho wa reli, ambako njia iliyotoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914, tuna haki ya kutabasamu kwamba muziki huu ulizaliwa kwenye treni. Lakini miaka minne kabla yake, 1944, Halim El-Dabh wa Cairo alikuwa amekwisha kuchukua mashine ya kurekodi kwa waya, akaingia kwenye shughuli ya zaar, ngoma ya kupunga pepo, akanasa sauti za wanawake, kisha akazigeuza kwa mwangwi na vyumba mpaka ukabaki mnong'ono wa sauti tupu. Mwafrika alitangulia, na vijana wetu wanapaswa kulijua jina lake. Hata hivyo anayetajwa kila mahali ni El-Dabh. Wanawake walioimba wanabaki "waimbaji". Vivyo hivyo na rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950: sauti za babu zetu zinatunzwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha 1954, na tunashukuru zipo. Lakini aliyeimba hakupata kuuliza swali la yule mzee wa Buhigwe, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeota kwamba sauti ingeweza kumfikia mtu yeyote duniani kwa sekunde moja. Sisi tunajua. Hatuna kisingizio.

Kuhusu mahali pa kuweka, nitasema kwa kifupi. Kwa kazi nzima napendelea Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996. Haitozi, inakupa nafasi ya kuchagua leseni unapopakia, na ina mkusanyiko mkubwa wa lebo za mtandaoni zilizokuwa zikigawa muziki wa majaribio bure tangu enzi za intaneti ya simu ya waya. Kwa sauti ghafi, Freesound, iliyoanzishwa 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Humo kila sauti lazima iwe na leseni yake, na watengeneza filamu na michezo ya kompyuta huingia kutafuta.

Suala la bando ni halisi na wanaoandika miongozo ya Ulaya hawaligusi. Faili la WAV la kawaida, stereo, linakula kama MB 10 kwa dakika. Kazi ya dakika kumi na mbili ni MB 120. MP3 ya kilobiti 128 inaishusha mpaka kama MB 12, lakini ukitaka kuhifadhi usipoteze kitu unatumia FLAC, ambayo kwa nyimbo za kawaida hupunguza karibu nusu. Ila mvua, injini na karabai hazipungui vizuri. Programu ya kubana hutafuta mpangilio unaojirudia, na kelele haina mpangilio huo. Muziki wetu, kwa asili yake, ni mzito kusafirisha. Ninapakia FLAC usiku wa manane, kwa kifurushi cha usiku, na hifadhi ile yenyewe inatengeneza MP3 nyepesi kwa msikilizaji wa simu. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, mtumie kama hati, si kama sauti ya kunasa pale pale, la sivyo ataipata imebanwa.

Na hapa kuna kitu kidogo chenye uzito mkubwa. Faili likishatoka kwenye ukurasa wake, linaachana na masharti yako. Linapita Bluetooth, linapita memori kadi, linaingia kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo pale stendi na linaitwa "Track 03". Kwa hiyo masharti yaandikwe ndani ya faili. Kila programu ya kuhariri sauti ina sehemu ya maelezo: jina la kazi, msanii, mwaka, maoni. Kwenye maoni andika leseni na kiungo. Hata likifika Kalemie, ng'ambo ya ziwa, likiwa limebadilishwa jina mara kumi, atakayelifungua kwenye kompyuta atakuona.

Anayetumia kazi yako naye anapaswa kuandika mambo manne: jina la kazi, jina lako, ilikotoka, na leseni. Akisahau, usianze na matusi. Toleo la 4.0 linampa siku 30 tangu agundue kosa; akirekebisha ndani ya muda huo, haki yake inarudi yenyewe. Nimewaandikia watu kadhaa kwa upole na wote wamerekebisha. Mmoja akaomba sauti nyingine.

Pesa, basi, kwa sababu lazima tuzizungumze. Spotify tangu mwaka 2024 hailipi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa karabai ya dakika kumi na mbili, hesabu hiyo inajieleza. Bandcamp, iliyoanza 2008, inafaa zaidi fani hii: msikilizaji anaweza kuambiwa ataje bei mwenyewe kuanzia sifuri, kampuni inachukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo inaachia sehemu yake. Unaweza kuonyesha leseni ya Creative Commons hapohapo na bado ukauza. Malipo yake hupitia PayPal, na kupokea pesa kwa njia hiyo ukiwa huku kunahitaji mipango; wengi hupitia kwa rafiki au lebo iliyo nchi nyingine. Ukifanya hivyo, andikianeni. Hata mistari mitano kwenye karatasi: nani anapokea, anakata ngapi, anatuma lini.

Njia ya lebo inawezekana, na tumeiona karibu kabisa. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli ya studio ya Sisso, Mburahati, mwaka 2017, na muziki ambao hata baadhi ya Watanzania waliuita kelele za uswahilini ukapanda majukwaa ya Ulaya. Lakini lebo nyingi hutaka haki za kipekee, na hapo ndipo leseni uliyoandika jana inakutana na mkataba wa leo. Kazi uliyokwisha kuitoa kwa BY huwezi kumwahidi mtu kwamba ni yake peke yake, kwa sababu dunia nzima ina ruhusa tayari. Mwambie ukweli mapema. Ukijaza fomu ya kukusanyiwa mirabaha pia soma kama unakabidhi haki zote au sehemu, kabla ya kusaini.

Kijana mmoja wa Gungu alipata dai kwenye video yake mwenyewe: mfumo wa kutambua sauti ulisema mlio wa injini alioutumia ni wa msanii wa nchi nyingine. Yule msanii alikuwa ameuchukua mlio huo huo kihalali, kwa BY, akautia kwenye wimbo wake, halafu msambazaji wake akausajili wote kama mali ya kipekee. Kanuni za mifumo hii hazikubali jambo hilo. Kitu kilichotolewa kwa watu wote hakisajiliwi na mmoja. Kijana alituma kiungo cha ukurasa wa hifadhi wenye tarehe ya kupakiwa, jina lake na leseni, na dai likaondolewa. Angekuwa ameupandisha bila neno, bila tarehe, bila jina, angebaki kubishana na mashine.

Nimeanza kupandisha mkusanyo wa injini za Kibirizi, moja moja, kila injini na jina la mtumbwi wake pale mwenyewe aliporidhia. Zote ni BY 4.0. Kila faili lina mstari huu ndani yake, na unaweza kuunakili kwa kazi zako ukibadilisha majina: "Imerekodiwa Kibirizi, Kigoma. Tumia, kata, geuza, uza ukitaka. Taja jina langu, jina la kazi, mahali ulipoipata na leseni hii, CC BY 4.0." Ukitengeneza kitu, nitumie nikisikilize.